Chama kikiahidi kufuta kodi au kuleta mpya, tuulize kwanza nani atakusanya na gharama ya kukusanya analipa nani

mapato_mtaani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu, na wakubwa zangu shikamooni.

Hili nimekaa nalo muda mrefu, leo naliweka mezani. Kila ukifika msimu wa uchaguzi na kila ukifika mwezi wa sita wa bajeti ni yale yale, chama hiki kinasema kitafuta tozo, kile kitashusha kodi, kingine kitapanua wigo wa walipa kodi, na sisi tunashinda tunabishana asilimia ni kubwa au ndogo, hakuna anayeuliza hiyo hela inatokaje mfukoni kwa mtu mpaka ifike Hazina na njiani inaliwa kiasi gani. Mimi nimefanya kazi ya mapato kwenye halmashauri moja ya mjini kwa miaka mingi, nimebeba hati za madai kwenye mitaa isiyo na namba za nyumba, kwahiyo naongea kitu ninachokijua.

Nachukua mfano mmoja tu, kodi ya majengo, maana imepita kila mkono.

Kisheria ilikuwa kodi ya halmashauri. Dar es Salaam mwaka 2008 TRA (mamlaka ya mapato ya taifa) wakapewa wawakusanyie manispaa. 2014 ikarudishwa manispaa. 2016 ikachukuliwa tena, safari hii moja kwa moja kwenda TRA. Mwanzoni mwa 2021 Rais Magufuli akaagiza irudi halmashauri, kabla hata hatujafuta vumbi kwenye madaftari bajeti ya Juni mwaka huo huo ikasema itakatwa kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, na tarehe 20 Agosti 2021 makato yakaanza. Na haya yote yamefanyika chini ya chama kimoja, CCM, hakuna chama kilichobadilika Ikulu hapo katikati. Sasa fikiria vyama vikianza kupokezana.

Kwenye makaratasi kuhamisha kodi ni kifungu kimoja cha sheria. Chini huku ni hivi. Halmashauri ina daftari la majengo, nusu liko kwenye kompyuta, robo kwenye mafaili, na robo nzima iko kichwani mwa watendaji wa mitaa wanaojua kwamba nyumba ya marehemu fulani sasa anakaa mtoto wa pili, ile ya kona imeuzwa lakini hati haijabadilishwa jina. TRA wanachukua daftari, kichwa cha mtendaji hawawezi kukichukua. Wanaanza upya kuhakiki, wanahitaji watu wa kupita nyumba kwa nyumba, na anayewazungusha ni yule yule mtendaji wa mtaa ambaye ofisi yake haipati tena hata senti ya kile kinachokusanywa. Kwa moyo upi? Halmashauri nako kuna vijana waliofundishwa mfumo, kuna mashine za POS zimenunuliwa, kuna bajeti imepangwa kwa kutegemea ile hela, zahanati na barabara za mtaa, ghafla hela inapitia Hazina kwanza na wao wanakaa kusubiri mgao.

Alafu njoo kwenye nyumba yenyewe. Kodi ilipowekwa 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, hebu piga hesabu ya kumpata huyo mtu mmoja. Uandae hati ya madai, uchapishe, mtu apande boda mpaka mtaani, amtafute mjumbe, mjumbe naye anataka chochote kitu, mwenye nyumba hayupo yuko shamba, urudi tena, hajalipa, uandike notisi, ukitaka kumpeleka mahakamani gharama ya kumshtaki inazidi deni lenyewe mara kadhaa. Kuna nyumba tulikuwa tunaziacha kabisa, na sio uvivu, ni kwamba kuzifuata ilikuwa hasara kwa halmashauri. Alafu mwananchi anayelipa vizuri naye alipoteza siku nzima, mnakumbuka foleni za 2017 kwenye ofisi za TRA siku za mwisho za kulipa, wazee wamekaa kwenye jua kuanzia alfajiri kisa 10,000. Ile siku ya kazi iliyopotea hakuna aliyeiandika kwenye kitabu chochote cha serikali lakini ni gharama, na aliyeilipa ni mwananchi.

Naomba mchango wenu, hasa waliopo kwenye biashara na uhasibu. Matusi ya vyama tuache kwenye nyuzi nyingine.

mpangaji_Buza

Mkuu umegusa penyewe. Mimi napanga, nyumba sio yangu, lakini kila tarehe moja nikinunua umeme wa kwanza wa mwezi 1,500 inaondoka. Mita yetu ni ya tarifa ya kawaida sio ya wale watumiaji wadogo wa units 75 kwa mwezi. Elfu kumi bila makato ilikuwa inanipa units 28 na kidogo, ikikatwa kodi ya nyumba zinakuja karibu 24. Mwezi mmoja nilisafiri kikazi, nikarudi yamelimbikizana, nikanunua ya 5,000 usiku nikijua nitawasha feni nilale, imekatwa miezi mitatu 4,500, nikapata unit moja na pointi. Nilikaa naitazama ile meseji ya tokeni nikahisi nimeibiwa. Kumwambia mwenye nyumba anasema mita iko kwako, nini kinanihusu.

kibarua_wa_hesabu

Naunga mkono hoja, mimi natunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo Kariakoo na Ilala. Mashine za EFD za kutoa risiti za kodi zilipoanza 2010 kwa wenye VAT, alafu awamu ya pili ikaja kwa wenye mauzo ya kuanzia milioni 14 kwa mwaka, kelele zote zilikuwa bei ya mashine, na kweli laki sita mpaka nane kwa mtu wa duka la viatu ni mtaji. Lakini bei ya mashine ni ya mara moja tu, na baadae inakatwa kwenye hesabu za kodi. Kinachowaumiza ni cha kila siku. Karatasi za risiti zinaisha. Mtandao unakata, mashine haitumi ripoti, unatakiwa utoe taarifa, umpigie wakala, wakala anakwambia lete ofisini, unafunga duka unapanda daladala. Duka la mtu mmoja halina mtu wa kumwachia. Ukiuza bila risiti siku hiyo ukakamatwa ni faini kubwa kuliko faida ya mwezi. Siku hizi kuna VFD ya kwenye simu, afadhali, ila nayo inataka bando na inataka mtu anayejua.

Alafu mzigo hauendi kwa usawa kabisa. Kampuni kubwa ina idara ya uhasibu, sheria ikibadilika Julai wanabadilisha mfumo maisha yanaendelea. Mama wa duka la vitenge analipa mtu kama mimi. Sheria ya Fedha inabadilika kila mwaka, kila Julai nakaa nasoma upya nini kimebadilika, SDL, ile tozo ya mafunzo anayolipa mwajiri, peke yake nimeishuhudia ikishuka 5, 4.5, 4, 3.5, sawa inashuka na tunashukuru, lakini kila mara ni kubadilisha hesabu na kuelezea wateja upya, na muda wangu mteja ndo anaulipa.

simba_wa_hoja

Mimi napingana na mtoa mada kidogo. LUKU ni njia bora kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Hakuna mgambo, hakuna foleni, hakuna mtu wa mapato kukwambia "tuelewane". Mfumo unakata wenyewe, gharama ya kukusanya karibu na sifuri. Mnataka turudi kule kwa kufukuzana?

mapato_mtaani

Mkuu simba_wa_hoja nakuelewa na sehemu kubwa nakubaliana na wewe. Kwa upande wa serikali LUKU imeshusha gharama sana, hilo halina ubishi. Mimi nasema gharama haikufutika, imehamishiwa kwa mwingine. Mpangaji wa Buza hapo juu anatozwa kodi ambayo kisheria mdaiwa ni mwenye jengo, kazi ya kumfuata mwenye jengo amerudishiwa yeye mpangaji, bila kiti, bila mhuri, bila posho. Ile kazi yetu ya kufuata nyumba kwa nyumba sasa inafanywa na wapangaji bure, na wengi wanaishia kukosana na mwenye nyumba au kunyamaza.

La pili ambalo linaniuma zaidi. Ili kodi iweze kukatwa kwenye mita ilibidi iwe kiwango kimoja, 1,000 kwa mwezi mwanzoni kisha 1,500 kuanzia 2023, ghorofa 5,000 kwa kila sakafu ikapanda 7,500. Mita haijui thamani ya nyumba. Zamani kodi ya majengo ilifuata uthamini, nyumba kubwa inalipa kikubwa, ndogo kidogo, na uthamini ni ghali kweli, unataka wathamini waliosajiliwa, kupima, kuandika, kusikiliza pingamizi, na baada ya miaka michache unarudia. Tukaacha uthamini tukaokoa gharama. Matokeo yake nyumba ya vyumba viwili Mbagala Kuu na nyumba ya chini yenye bwawa la kuogelea Masaki zote 18,000 kwa mwaka. Hapo unaona kwamba gharama ya kukusanya imebadilisha kodi yenyewe, imegeuza kodi ya mali ikawa kodi ya kichwa cha mita. Na anayechoma mkaa na kutumia sola bila mita ya LUKU hayumo kabisa.

Hatukukaa kama nchi tukakubaliana kwamba tunataka tajiri na maskini walipe sawa. Ilitokea tu kwa sababu ya namna ya kukusanya. Ndo maana nasema chama kikija na sera ya kodi kisituambie kiwango tu.

mzee_wa_Kilosa

Wanangu mmesema kodi ya kichwa nikakumbuka mbali. Sisi tuliokuwa vijijini enzi za kodi ya maendeleo tunaijua, mgambo wanakuja alfajiri, vijana wanakimbilia porini, mnada ukifika watu hawaendi kwa kuogopa kizuizi cha stakabadhi. Ilifutwa 2003 awamu ya Mzee Mkapa. Wakati ule niliwahi kuwa kwenye kamati ya kijiji, nawaambia ukweli, hela iliyokuwa inapatikana ukitoa posho za mgambo, mafuta ya gari la kata, chakula chao na kile kilichopotelea mifukoni, kilichofika halmashauri kilikuwa cha kusikitisha. Kijiji kilibaki na chuki tu. Ila nako kufuta kuna gharama zake, halmashauri zilibaki hazina chanzo, zikaanza kutegemea Hazina kwa karibu kila kitu, mpaka leo.

mapato_mtaani

Shikamoo mzee wangu, asante sana kwa hilo. Mwisho wa maneno yako ndo wanasiasa wengi wanaruka. Kufuta kodi nako ni sera na nako kunataka utekelezaji. 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 kwenda 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha chini ya tani moja akaachwa huru. Mkulima alipumua, nilifurahi kabisa. Ila kizuizi cha ushuru kinataka watumishi wale wale wawepo usiku na mchana, gharama ya kizuizi haikushuka hata kidogo wakati mapato yake yameshuka karibu nusu, tena wakaongezewa kazi ya kubishana kama gunia zilizopo kwenye Canter zinafika tani au hazifiki.

wa_Nakuru

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Nakuru, kazi yangu ni kuandaa mishahara ya kampuni ndogo, nimesoma huu uzi nikaona niongeze yetu. Nyumba za bei nafuu zilikuwa kwa manifesto ya muungano wa Kenya Kwanza 2022. Wakashinda, Sheria ya Fedha 2023 ikaleta makato ya nyumba 1.5% kwa mfanyakazi na 1.5% kwa mwajiri kuanzia Julai. Lakini tarehe 30 Juni Mahakama Kuu ilikuwa imesimamisha hiyo sheria, tukaandaa mishahara ya Julai bila hayo makato, tarehe 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio, tukaambiwa tukate. Wengine walikuwa wamelipwa tayari! Novemba 28 Mahakama Kuu ikasema makato ni kinyume cha katiba lakini ikaruhusu yaendelee hadi Januari. Januari 26 2024 Rufaa ikakataa kuongeza muda, tukasimamisha. Machi 19 Rais akatia sahihi sheria mpya ya nyumba, tukaanza tena. Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ikaenda, SHIF ikaja na 2.75%. Desemba 27 sheria nyingine ikaanza, sasa makato ya nyumba na SHIF yanatolewa kwanza kabla ya kuhesabu PAYE, yaani kodi ya mshahara.

Kila badiliko hapo ni mimi kumlipa mtu wa programu ya mishahara abadilishe fomula, ni kuelezea wafanyakazi mmoja mmoja mbona payslip ya mwezi huu si kama ya mwezi jana, ni kukaa ofisini hadi usiku kabla ya tarehe 9 ya kuwasilisha kwa KRA (mamlaka yetu ya mapato) maana ukichelewa ni faini. Mimi sikatai nyumba. Mama yangu amekaa mabati miaka yote, najua maana ya nyumba. Lakini wakati wa kampeni hakuna mtu alisema tutakata kwa mshahara kwa njia hii na waajiri mtabeba kazi hii. Tungeambiwa mapema hata kesi zingekuwa chache.

kibarua_wa_hesabu

wa_Nakuru pole sana ndugu yangu, nimesoma nikachoka kwa niaba yako. Hapo kwenye "tungeambiwa mapema" ndo penyewe. Mwajiri ni mkusanya kodi wa serikali asiye na mshahara, vivyo hivyo mwenye duka na VAT yake, vivyo hivyo wakala wa simu kwenye tozo za miamala zilipoanza Julai 2021. Unakumbuka ile tozo ilivyobadilishwa, Septemba ikapunguzwa 30%, mwakani yake ikashushwa tena na kupelekwa mpaka benki, Oktoba 2022 ikatolewa kwenye baadhi ya miamala. Kila mara wakala wa kibandani ndo anaulizwa na mteja "mbona imekatwa hivi", foleni inasimama, anaeleza kitu ambacho na yeye kakisikia redioni asubuhi.

binti_sera

Swali kwako mwanzisha uzi. Unataka vyama vifanye nini hasa? Chama cha upinzani hakina takwimu za TRA, hakina wachumi wa Hazina, kitajuaje gharama ya kukusanya?

mapato_mtaani

Dada yangu swali zuri sana na ndo nilikuwa nataka tufike hapo. Australia tangu 2012 wana ofisi ya bajeti iliyo chini ya bunge, haiko chini ya waziri. Chama chochote, kiwe cha serikali au cha upinzani, kinapeleka ahadi yake ya kodi, ofisi inaipigia hesabu, na kwenye ile hesabu mbali na mapato kunakuwa na mstari wa matumizi ya ofisi ya kodi yenyewe kuitekeleza, watumishi, mifumo, ukaguzi. Uholanzi wana taasisi yao ya mipango ya uchumi inayopitia ilani za vyama kabla ya uchaguzi tangu miaka ya 80. Kwa hapa jirani Uganda ilianzisha ofisi ya bajeti ya bunge kwa sheria ya 2001 na Kenya wanayo yao, kwahiyo sio kitu cha wazungu peke yao. Kwetu Bunge lina Kamati ya Bajeti na kuna Sheria ya Bajeti ya 2015, lakini ilani ya chama haipiti popote kupigiwa hesabu, unaisoma tu jukwaani.

Hata bila ofisi hiyo, mimi mwananchi kwenye mkutano nikipewa maiki nataka kuuliza hivi: hiyo kodi unayoileta au kuifuta, nani anaikusanya, ana daftari la walipaji au anaanza upya, mtu wa kipato cha chini atapoteza muda gani na nauli kiasi gani kuilipa au kuomba msamaha wake. Hilo la msamaha ni kubwa. Nyumba anayoishi mzee wa miaka 60 kwenda juu imesamehewa, moja. Lakini mita inakata kwanza, yeye ndo apeleke uthibitisho ndo atolewe. Bibi wa miaka 78 Tandahimba anayenunua umeme wa 2,000, msamaha wake uko mbali na nauli ya kuufuata ni kubwa kuliko unachomrudishia kwa mwezi. Sera ni nzuri, ila kwa yule bibi haipo.

Na sio kwamba kila kurahisisha ni kubaya, naomba nieleweke. 2017 ada ya mwaka ya magari, ile tuliyozoea kuiita road licence, ilifutwa na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwenye lita ya mafuta. Wengi tulishangilia na mimi nilikuwa mmoja wao, maana kukusanya kwenye mafuta ni rahisi, unakusanya kwa waagizaji wachache bandarini badala ya kuwinda kila mwenye gari barabarani. Lakini hiyo 40 iliwekwa mpaka kwenye mafuta ya taa, mwanamke wa kijijini mwenye koroboi akaanza kuchangia leseni ya gari ambalo hana. Mngemuuliza mtu yeyote aliyewahi kukusanya mapato mtaani angewaambia siku ile ile.

mwenye_mita_tatu

Mimi ni mwenye nyumba na naomba nitetee kidogo. Niliwawekea wapangaji kila mmoja mita yake ili wasigombane, nyumba ni moja. Makato yalipoanza zote tatu zikakatwa. Nimeenda ofisi ya umeme wanasema kodi sio yetu sisi tunakata tu, nimeenda kwingine naambiwa lete barua ya serikali ya mtaa, hati, picha ya nyumba. Nimepoteza siku za biashara kwa hela ambayo kwa mwaka ni 36,000 ya ziada. Wapangaji wangu wananinunia mimi.

mpangaji_Buza

Sasa mwanzisha uzi, kwa mtu kama mimi wa kupanga nafanyaje leo, sio mpaka chama kiingie?

mapato_mtaani

Ndugu yangu, usifute meseji za tokeni. Kila ya kwanza ya mwezi ina mstari wa kodi ya jengo pembeni ya VAT na tozo za REA na EWURA, ipige picha uweke kwenye folda moja na namba ya mita ionekane. Ukifika muda wa kulipa kodi ya chumba mpelekee mwenye nyumba zikiwa zimejumlishwa, mwambie kwa heshima hii ni kodi ya jengo lake umemlipia, mkatane. Kama mko wapangaji kadhaa kwenye mita moja ile 1,500 ni ya nyumba nzima, usikubali kubeba peke yako wala usikubali kila chumba kichangie 1,500. Mkataba mpya ukija mwombe aandike mstari mmoja tu kwamba kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU itarudishwa kwenye pango, wengine wanakubali bila shida wakiombwa mapema.

Mwenye_mita_tatu, kwako wewe mlango ni ofisi inayosimamia kodi ya majengo wilayani kwako, TANESCO (shirika la umeme) wanakata kwa niaba tu. Nenda na namba zote tatu za mita na barua ya mtendaji inayosema ni jengo moja, ziombe mbili zitolewe, na uondoke na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Ukikwama niandikie hapa hapa kwenye uzi nikuelekeze, na wengine waone hatua zenyewe.